Mkwe Kaja na Baiskeli

Msangani, Kibaha
20 Januari 2025

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi ni mzima, mzima kuliko nilivyowahi kuwa tangu unizae, na Bilali wangu hajambo, anakusalimu kwa heshima zote.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Mama, tangu simu yako itumbukie kisimani imebaki ya jirani yako Zubeda, na ya Zubeda haisikiki mpaka aweke spika. Nikikupa habari za mume wangu kwa spika, Mzenga nzima itajua analalia ubavu gani. Kwa hiyo nimeongea na Hussen wa mihogo. Akija huko kununua mzigo atakuletea barua, akirudi sokoni Maili Moja ataniletea yako.

Mama, nimeolewa! Najua ulikuwepo, lakini acha niliseme tena. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule, ukuta wa njano, na dirisha la jikoni linatazama mikorosho ya jirani. Jumatatu mpaka Ijumaa Bilali yuko Soga kwenye nyaya za umeme za reli, analala hukohuko kambini. Usinihurumie! Jumamosi akiingia nyumba inabadilika, hata sufuria zinalia vizuri.

Sasa sikia. Jumamosi hii aliniambia nifumbe macho, akaniongoza uani, akasema, "Fumbua." Nikaona kitu kimefunikwa shuka letu jipya. Nikasema moyoni, Mungu wangu, mbuzi. Kumbe baiskeli! Ya mtumba, ya kike, nyekundu ya ubuyu, ina kapu mbele. Kaifuta mpaka spoku moja moja. Nililia, Mama. Akaniambia, "Kesho utaendesha na wenzangu, nataka wakuone."

Wana kikundi chao cha Jumapili, watu kama kumi na tano, wanakutana kituo cha Picha ya Ndege baada ya alfajiri. Kiongozi wao ni mzee Bernard, mwalimu mstaafu mwenye mvi, anaendesha polepole kama anayesindikiza maiti. Tulipita mitaa ya Tumbi ile yenye miti mikubwa, hakuna gari, hakuna kelele, majani yanaanguka kwenye helmeti. Halafu tukaingia njia ya miguu nyuma ya Mkuza, udongo mwekundu, nyasi ndefu kuliko magurudumu, umande umejaa. Watu walikuwa wanapiga mswaki mlangoni wanatupungia mkono. Mimi sikuwa nimepanda baiskeli tangu ile ya marehemu baba, niliyokuwa nikipenyeza mguu chini ya bomba. Kwenye mteremko nikaburuza miguu chini, vumbi likatimka, mzee Bernard akapiga kelele, "Bibi harusi! Breki ziko mkononi, siyo kwenye ndala!" Walicheka wote, na mimi nikacheka mpaka nikaingia kwenye mihogo ya watu.

Bilali huwa mbele na wenye kasi, mimi nyuma na mzee Bernard. Lakini kila akifika kwenye kona, Mama, anageuka kunitazama. Kila kona!

Njoo uone. Njoo tu, hata wiki ijayo. Kitanda cha chumba cha pili nimekitandika tayari.

Mwanao,
Kudra, mke wa Bilali (naliandika kwa raha zangu)


Mzenga
2 Februari 2025

Kudra mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, halijaenda popote. Mimi sijambo. Kuku hawajambo, ila jogoo mwenye kishungi kachukuliwa na kicheche.

Barua yako Hussen kaileta. Zubeda aliiona bahasha akaniuliza, "Humo mna nini?" Nikamwambia, "Mna mume." Akasema, "Ndiyo maana imenona."

Nimefurahi kwa baiskeli. Ukipanda funga khanga isiingie kwenye cheni. Mkwe mwambie nimemshukuru.

Umeniandikia nije. Mwanangu, nyumba ya mkwe haiendewi kama kisima. Mama mkwe huitwa, na haitwi na binti yake, maana binti angemwita mama kila siku. Mume ndiye anayeita. Anatuma watu wazima wa kwao, wanakuja kukaa mkekani na mjomba wako Mwinshehe, wanasema, "Tunamwomba mama aje aone mwanawe anapoishi." Siku hiyo nitavaa khanga mpya, nitatoka ndani, mkwe atanisalimu, na hapo ndipo tutakuwa tumeonana. Kabla ya hapo nikikutana naye njiani nitaingia porini upande huu, na yeye kama kalelewa ataingia upande ule. Siyo chuki. Ndiyo heshima yenyewe. Bibi yako alikaa mwaka mzima hajautazama uso wa baba yako.

Na wewe usije peke yako kabla mumeo hajakuleta. Binti akirudi peke yake kabla ya hapo, watu hawaulizi amekuja lini, wanauliza ameachika lini.

Mengine ni ya kawaida. Ugali bado nasonga wa watu wawili, mkono haujazoea. Asubuhi nawapa kuku.

Mama yako,
Mwanahalima


Msangani, Kibaha
14 Februari 2025

Mama yangu mwema,

Shikamoo tena na tena. Pole ya jogoo. Mimi nina afya, hata nimenenepa kidogo, wanasema ndoa imenikubali.

Leo ni siku ya wapendanao! Bilali yuko Soga, zamu imembana, lakini amenitumia ujumbe wenye mioyo mitano. Nimeusoma nikiwa napika, nikausoma nikiwa nakula, sasa nimeuweka hapa mezani unanitazama ninavyokuandikia. Nilivaa lile gauni la fungate hata hivyo. Nimekaa nalo sebuleni. Mtu akipita atajua kuna bibi harusi humu.

Mambo ya kuitwa nimemweleza Bilali. Kwanza alicheka, "Kwani mama hajui njia ya Kibaha?" Nikanuna. Akanishika kidevu akasema, "Basi mpenzi, nitamwita mama kwa namna ambayo hajawahi kuitwa mama yeyote." Mama, moyo wangu!

Na hivi ndivyo itakavyokuwa. Jumapili ya tarehe ishirini na tatu, kabla Ramadhani haijaingia, Bilali anakuja Mzenga na watu wake kumi na wanne! Mzee Bernard ndiye atakayeongoza, na yeye ni mtu mzima mwenye mvi zake na maneno ya hekima. Tutapakia baiskeli kwenye lori la Fuso mpaka Soga, kutoka pale tunaendesha kwa njia za msituni hadi mlangoni kwako. Si ndiyo kuitwa kwenyewe huko? Kuna mama mkwe gani Kisarawe nzima aliyewahi kufuatwa na msafara wa baiskeli?

Usijisumbue na chakula. Maji ya kunywa yanatosha.

Mwanao mwenye furaha,
Kudra


Mzenga
19 Februari 2025

Kudra mwanangu,

Marahaba. Sijambo.

Nimepata habari na nimemwambia mjomba wako. Amesema mkwe mwenye kuleta wazee kumi na wanne ni mkwe wa kuombewa dua. Ameipiga pasi kanzu yake. Zubeda anatuazima mikeka.

Baiskeli siyo tatizo. Baba yako alikwenda nayo msikitini kila Ijumaa, kanzu kaikunja kwa mbele na kibanio cha nguo.

Eti maji yanatosha. Wakwe hawanyweshwi maji matupu kama ng'ombe. Mchele nimeshachambua.

Sijui nikuambieje. Nimenunua khanga. Naitoa naikunjua, naikunja naiweka.

Njooni salama.

Mama yako


Msangani, Kibaha
25 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo, na pole kwa msiba wa Vihingo. Mjomba hakutuambia ni nani aliyefariki. Mungu amlaze pema.

Ooh Mama, tumekukosa! Kati ya Jumapili zote! Lakini sikulaumu, msiba haupigi hodi. Ngoja nikusimulie yote ili uwe kama ulikuwepo.

Tuliposhusha baiskeli Soga jua lilikuwa halijatoka sawasawa. Treni ilipita, ndefu, kimya, tukaipungia mkono, hata mzee Bernard. Kisha tukaingia njia za ndani. Mama, mimi nimezaliwa huko na sikujua ni kuzuri hivyo! Labda kwa kuwa zamani nilipita na mzigo kichwani. Njia ni nyembamba, mchanga mweupe, vipepeo wa manjano wanaruka mbele ya gurudumu. Mahali pengine matawi yamekutana juu, ukipita unapita kwenye kivuli kirefu, husikii kitu ila cheni za wenzako. Mmoja alipata pancha, tukakaa chini ya mikorosho tunamtania, "Hiyo tairi au chujio la nazi?" Watoto wa kijiji wakatukimbilia wakiimba, "Wazungu weusi! Wazungu weusi!" Bilali wangu alivaa zile nguo zake za kuendeshea, bukta nyeusi ya kubana na fulana ya kijani inayong'aa, basi jua likimpiga mgongoni anawaka kama mende wa embe. Nilimwona mzuri, Mama. Nilitamani uwe umesimama mlangoni umwone anavyoingia.

Tulipoingia uani wenzangu waligonga kengele zote kwa pamoja. Mjomba Mwinshehe alikuwa amesimama na kanzu nyeupe. Alitutazama. Halafu akaanza kutazama juu ya paa, kama mtu anayemtafuta panya, na hakushusha macho tena. Bilali akamwamkia, "Shikamoo mjomba!" Mjomba akaliambia paa, "Marahaba. Karibuni." Zubeda alikuwa na sinia la pilau, akasimama katikati ya uwanja, akaniuliza kwa sauti yake ile ya kunong'ona inayosikika mpaka stesheni, "Kudra, mbona wakwe wamekuja na nguo za ndani?" Wakacheka wote, mmoja akamjibu, "Shangazi, hizi ni za mbio!" Zubeda akasema, "Basi na wakimbie."

Nikauliza, "Mama yuko wapi?" Mjomba akasema umekwenda msibani Vihingo tangu jana.

Walikula, Mama. Walikula mpaka ukoko. Walisifu pilau yako mpaka nikaona fahari. Mimi niliingia ndani peke yangu kunywa maji ya mtungi. Chumba chako kilikuwa kimefungwa. Niliegemea ule mlango kidogo tu, miguu ilikuwa imechoka, nikasema maneno mawili matatu ya kijinga nikijua sisemi na mtu. Afadhali hukuwepo kuyasikia.

Basi tukaondoka. Nafurahi sana, Bilali naye amefurahi, anasema sasa ameshafika ukweni. Lini utakuja? Umeshaitwa!

Mwanao,
Kudra


Msangani, Kibaha
6 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Eid Mubarak, ingawa Eid imepita. Natumai umefunga salama na goti halikukusumbua kwenye tarawehe.

Hujajibu. Hussen ameapa kwamba alikupa barua mkononi. Nilimpigia Zubeda siku ya Eid, akasema, "Mama yako yupo, mzima, hataki kuzungumza kwa spika." Nilisikia kuku nyuma yake.

Eid tulikula vizuri. Bilali alipata zamu siku ya pili, kwa hiyo nilikula vizuri peke yangu.

Kama nimekosea, niambie.

Mwanao,
Kudra


Mzenga
20 Aprili 2025

Kudra mwanangu,

Marahaba. Nilifunga salama, goti liliniheshimu.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza nilikuta naandika uongo, na karatasi nilikuwa nayo moja tu.

Vihingo hakuna aliyekufa. Siku ile nilikuwa ndani.

Nilioga alfajiri, nikavaa khanga mpya, nikakaa kitandani chumbani kwangu nisubiri mjomba wako aniite nje, kama inavyotakiwa. Nikasikia kengele. Nikafunua pazia kidogo nimwone mkwe anavyoingia na wazee wake. Mwanangu, niliona mapaja. Mapaja marefu ya wanaume kumi na watano yanashuka kwenye baiskeli uwanjani kwangu, na ya mbele kabisa ya mkwe wangu. Niliachia pazia kama limeshika moto. Nikajifunika khanga kichwani na hali niko peke yangu chumbani.

Ulinielewa vibaya na mimi nilikuelewa vibaya. Wewe ulileta matembezi, mimi nikapokea posa ya pili. Watu wako hawana kosa. Mzee Bernard hakujua anaongoza nini.

Mjomba wako ndiye aliyesema niko Vihingo. Alitaka kutuficha sote aibu, mimi na mkwe. Lakini neno la mtu mzima likishatamkwa mbele ya wakwe halirudi. Ningetoka, ningemtoa yeye mwongo.

Basi nilikaa. Nilisikia wanavyokula. Nilisikia mmoja akisema pilau ina karafuu nyingi, nikataka kumjibu. Nilisikia unavyocheka, Kudra. Sikuwa nimesikia kicheko chako tangu wakuchukue, na kilikuwa nje ya dirisha langu, karibu kama hivi.

Halafu ukaingia ndani. Nikakusikia unafunua mtungi. Ukaja ukaegemea mlango, komeo likalia. Nilikuwa upande wa pili, nimesimama. Kati yetu palikuwa na ubao.

Ukasema, "Mama, jioni ni ndefu kule." Ukasema tena, "Ningejua ni ndefu hivi nisingekimbilia."

Nilishika komeo. Wallahi nilishika. Nikawaza, nikifungua huyu mtoto atapiga kelele za furaha, namjua, na wote watajua. Nilipokuwa bado nawaza, Bilali akakuita ukatoka.

Mpaka leo nikipita pale mlangoni mkono unakwenda wenyewe kwenye komeo.

Usimwambie mkwe kwa ukali. Mwambie tu atume wazee wake, wavae suruali. Na wewe niambie habari za jioni. Barua zako zote zimejaa asubuhi.

Mama yako,
Mwanahalima


Msangani, Kibaha
11 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako niliisomea jikoni nimesimama, nikakaa chini sakafuni. Sikukasirika. Nililia kwa sababu ulikuwepo. Siku zile zote nilidhani nimesema na ubao.

Bilali nilimwambia. Alianza kucheka, halafu akashika kichwa. "Ina maana mama mkwe kaniona mapaja?" Nikamwambia, "Na wenzako wote." Hakula usiku ule. Nikamwomba amtume ami yake Saburi wa Mlandizi aje kukuita vizuri. Akasema, "Naona haya, Kudra. Ami akiniuliza kwa nini sijaita mpaka leo nitaanzia wapi?" Kila Jumamosi namkumbusha, na kila Jumamosi anasema wiki ijayo. Si mtu mbaya, Mama. Aibu imemkaa, na kila wiki inapata mizizi. Nampenda, hilo usilitilie shaka.

Umetaka habari za jioni. Nilikuandikia kwamba kila kona anageuka kunitazama. Aligeuka siku ile ya kwanza. Siku hizi wanaokwenda kasi wanakutana mapema zaidi na wanafika mbali zaidi, mpaka Mlandizi na kurudi, na mimi siwawezi. Anarudi mchana amechoka, anakula, analala, alfajiri ya Jumatatu anaondoka. Tunapendana akiwa amesinzia. Jumapili mbili sijakwenda kabisa. Mzee Bernard peke yake ndiye aliyepita kuuliza, akakaa barazani akanywa chai, akasema, "Baiskeli ya kike ikilala sana inaota kutu, bibi harusi."

Kwa hiyo naendesha jioni, peke yangu. Baada ya alasiri nafunga mlango, nazunguka mitaa ya Msangani ile ya ndani. Kunapendeza, sikudanganyi. Vumbi linakuwa la dhahabu, watu wamemwagia maji viwanja, milango iko wazi. Napita polepole natazama ndani. Huku mama anamsuka binti yake. Huku wanachambua mchele, mmoja anasema neno wote wanaangua kicheko, na mimi nakuwa nimeshapita. Napiga kengele hata njia ikiwa tupu, Mama, ili tu mtu ainue kichwa. Wengine wanapunga mkono. Napunga. Nikifika mwisho wa mtaa nageuza, napita tena, lakini siyo mara tatu, nisije nikaonekana mwehu.

Halafu narudi, nawasha taa zote.

Sijui kukuomba nini. Kuja kwako peke yangu umenikataza, ile safari ya baiskeli haihesabiki kuwa nimeletwa, na wewe hujaitwa. Na anayetakiwa kuita anaona haya. Sote watatu tuna heshima zetu.

Nimesema ukweli sasa na naona barua imekuwa na sura ya mtu mwingine. Nilitaka uendelee kumsoma yule wa Januari.

Mwanao,
Kudra


Imeandikwa Mzenga, imeletwa kwa mkono
15 Mei 2025

Kudra mwanangu,

Marahaba.

Barua hii Hussen hakuichukua. Amenichukua mimi. Ameniwekea nafasi mbele karibu yake, na mto wa kukalia kwa ajili ya goti. Nimeiandika jana kwa sababu najijua, nikifika mlangoni nitauliza habari za kuku wa jirani na yote ya maana yatanikwama kooni. Basi soma, mimi nitasubiri.

Sijaitwa. Mjomba wako aliniuliza, "Dada, utaingia nyumba ya mkwe bila kuitwa? Watu watasema nini?" Nikamwambia watasema, kisha jioni itaingia, kila mtu ataenda kusonga ugali wake. Baadaye akaniletea mbaazi kavu nikuletee, kwa hiyo nadhani ameridhika.

Leo ni Alhamisi. Mkwe anarudi Jumamosi, tuna siku mbili zetu. Akikaribia mpigie simu umwambie mama mkwe wake yumo ndani, ili asishtuke, na avae suruali kabla ya kuvuka kizingiti. Mimi nitajifunika khanga nikae kule nyuma. Tutasalimiana kwa kupitia wewe, yeye aongee na ukuta na mimi niongee na ukuta, mpaka haya itakapotuchosha. Ami yake akija siku moja kuniita, nitarudi Mzenga usiku huohuo ili anikute na aniite.

Nitakaa mpaka utakapojua jioni inapitishwaje. Sijui kama mimi mwenyewe nimeshajua. Tangu uondoke nawahi kulala ili isinikute macho. Labda tukiwa wawili tutaigundua.

Umeshamaliza kusoma? Basi usinitazame hivyo, Kudra, nipokee huu mzigo. Mihogo ni mizito na bega linaniuma.

Mama yako